Waliozungumza Kupitia Paka

Sogezeni viti, jirani zangu, na yeyote aliyemnunia mtu nyumbani kwake asogee karibu zaidi, maana habari hii inamhusu yeye kuliko mimi. Wenye nyumba wamenipa ruhusa niisimulie. Walisema, "Isimulie, labda itamfaa mwingine." Basi nisikilizeni.

Asubuhi ile nyumba ya Sajimon ilikuwa imetulia. Saji mwenyewe alikuwa ameshaondoka na lori la utomvu wa mpira. Nazi zilizopasuliwa zilikuwa zimeanikwa uani, na mama yake Saji, ambaye nyumba nzima ilimwita Ammachi, yaani mama, alikaa barazani akimenya vitunguu vidogo. Paka alilala kwenye mkeka wa mlangoni. Jikoni alikuwamo Bincy, mke wa Saji, anachemsha mihogo. Ungepita barabarani ungesema, hapa ndipo penye amani.

"Paka," Ammachi alisema bila kuinua macho, "mwambie anayehusika kwamba mihogo imeiva. Naisikia harufu mpaka huku."

"Paka," Bincy akajibu kutoka jikoni, "mwambie anayehusika kwamba nina pua. Na dawa yake ya presha nimeiweka karibu na maji, asije akasahau kama jana."

Paka hakumwambia mtu chochote. Alijigeuza akaendelea kulala.

Ndivyo walivyoishi tangu mvua kubwa zilipokwisha. Chanzo chake mkikijua mtacheka, na nyote mnaopika mtakubali kuwa si cha kuchekesha. Bincy aliosha chungu cha samaki kwa sabuni. Chungu kile Ammachi alikirithi kwa mama mkwe wake, kimekunywa pilipili na ukwaju miaka yote hiyo, hakijawahi kuguswa na kitu zaidi ya maji moto na majivu. Mchuzi wa siku ile ulitoka na harufu ya sabuni. Ammachi akasema, "Kwani kwenu hamkuwa na chungu?" Bincy naye akajibu, "Kwetu tulikuwa na chungu, na watu wa kusema kwa adabu." Basi. Kila mmoja akafunga mdomo wake, akangoja mwenziwe aanze.

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, wahenga walisema. Lakini vikombe vikishagongana hurudi kabatini. Hawa hawakurudi.

Sasa, katika nyumba hiyo kulikuwa na pengo ambalo wote wawili walilijua vizuri. Litty, dada yake Saji, binti pekee wa Ammachi, alifariki mwaka jana kwa homa ya dengi. Alikuwa mwalimu wa shule ya hapa parokiani. Kwa Bincy alikuwa zaidi ya wifi. Ndiye aliyemfundisha njia zote za kupita kwenye hasira za Ammachi, na alipokwenda, njia hizo alikwenda nazo. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ingekuwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka.

Litty aliacha kompyuta, ile ya kukunja, na ndani yake mlikuwa na video moja. Nyumba nzima ilijua kuwa ipo. Siku moja Litty alimkuta mama yake ametoka kuoga, amevaa gauni la kulalia, nywele zinachuruzika mafuta ya nazi, akamketisha mbele ya kompyuta na kumlazimisha aimbe wimbo aliokuwa akiwabembelezea watoto. Ammachi aliimba, kisha akagundua kuwa anarekodiwa, akafoka: "Ukimtumia mtu hiyo, samaki wangu uwasahau maisha!" Litty alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Hakumtumia mtu. Ndiyo sababu video ilikuwa mle tu, na kwingine kokote haikuwapo.

Bincy alipoitoa kompyuta kabatini wiki ile, iliwaka, ikaonyesha duara linalozunguka, na ikaendelea kuzunguka bila kufika popote. Akamwendea mwalimu Ambika, aliyekuwa akifundisha chumba kimoja na Litty. Ambika alikuja asubuhi ileile ninayoisimulia, kabla ya kengele ya shule, mkononi ana kijiti kidogo cha kuchomeka.

"Humu ndani mna mfumo mzima wa kompyuta," alimwambia Bincy chumbani. "Ni wa bure, wa kila mtu, ndio huu tunaowafundishia watoto. Kompyuta itaamka kwa kijiti hiki, haitaitegemea diski yake. Ukishaingia, unaifungua diski kama kabati, unatoa vitu vya Litty."

"Na nikiharibu?"

"Hutaharibu ukichagua sawasawa. Itakuuliza mambo mawili: kujaribu au kusakinisha. Wewe jaribu. Ukibonyeza kusakinisha, itafuta diski yote ijipange yenyewe humo, na Litty wetu ndio basi tena."

"Na nikijaribu?"

"Basi wewe ni mgeni tu. Unakaa, unakunywa chai, unaaga, hata alama ya kikombe huachi. Lakini nisikilize, Bincy." Ambika alimshika mkono. "Mgeni haachi kitu, na hawekewi kitu. Chochote utakachokitoa kwenye diski ukakiweka pale mbele, kwenye uso wa kompyuta, kinashikiliwa na umeme tu. Umeme ukikatika kinapotea, hakirudi. Na betri ya hii imekufa zamani, inakula ukutani. Kwa hiyo andaa flashi kwanza. Kijiti changu hakipokei kitu, usikitegemee."

"Flashi ipo," Bincy alisema.

Ilikuwapo kweli. Ilikuwa imechomekwa kwenye televisheni sebuleni, na ilikuwa ya Ammachi. Saji alimnunulia imwimbie rozari na nyimbo za kanisani kila alasiri. Ambika akaondoka kuwahi darasa, akidhani kuwa mambo yamekwisha. Angejuaje kwamba kutoka chumbani hadi sebuleni kwenye nyumba ile ndiyo ilikuwa safari ndefu kuliko zote?

Bincy alisubiri kazi za jikoni ziishe, wakala mihogo kila mtu na upande wake, kisha akafunga mlango wa chumba. Alichomeka waya ukutani, akachomeka kijiti, akawasha. Skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea yale maswali mawili, moja juu ya jingine, yamekaribiana kama mapacha. Alisoma la juu. Alisoma la chini. Alilisoma la juu tena kwa sauti, kama mtoto wa chekechea: "Jaribu bila kusakinisha." Akabonyeza, akafumba macho.

Alipoyafumbua, kompyuta ilikuwa imeamka. Rangi ngeni, picha ngeni, lakini ilikuwa hai. Akaifungua diski ya Litty. Yakatokea majalada yake: masomo, mitihani, picha za kwaya. Na hapo ndipo aliposikia sauti kutoka tumboni mwa mashine. Tik. Tik. Tik. Kama mtu anayegonga kucha mezani.

Alimpigia Ambika, akaiweka simu karibu na mashine asikie.

"Mungu wangu," Ambika alisema kwa sauti ya chini, watoto wanasikika nyuma yake. "Hiyo diski inakata roho. Usiizime, haitawaka tena. Toa hiyo video sasa hivi. Flashi unayo mkononi?"

"Nakwenda kuichukua."

"Nenda! Mimi darasa limenishika, sitoki hapa mpaka saa kumi."

Bincy alitoka chumbani. Ammachi alikuwa ameketi kwenye kiti chake sebuleni, televisheni inaimba kwa sauti ndogo, na ile flashi inamulika taa yake ndogo ya bluu nyuma ya bega lake. Ilihitajika sentensi moja. "Ammachi, nipe flashi, nimempata Litty." Maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Bincy alisimama mlangoni, akafungua kinywa.

"Paka," Ammachi akasema, macho kwenye televisheni, "kuna watu siku hizi wanasimama milangoni kama polisi. Waulize kama wametumwa."

Nawaomba mumwonee huruma Bincy hapa, maana mimi namwonea. Alichomwa. Moyo wake ulisema: mimi namtafutia binti yake, na yeye ananifanya polisi. Basi sitamwomba kitu. Jumapili, watu wote wakiwa wamekaa, nitaiwasha video, na aone ni nani aliyemrudishia Litty. Aje yeye kwangu. Aanze yeye.

Akarudi chumbani mikono mitupu.

Tik, tik, mashine ikasema. Angetumia simu? Simu yake ilikuwa imejaa pomoni, na waya wake ulikuwa wa kuchaji tu. Basi akaivuta video kutoka kwenye diski, akaiachia pale Ambika alipomkataza, kwenye uso wa kompyuta. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulifika robo, ukasimama. Diski ikakwaruza. Bincy alipiga ishara ya msalaba. Mstari ukasogea, ukasimama tena, ukasogea. Ulipofika mwisho alijikuta amesimama, shanga za mkufu wake zimo kinywani.

Akaifungua. Na Litty akatokea.

Litty, na pengo lake la meno, anacheka kabla ya kuanza. Ammachi pembeni yake, nywele zinang'aa mafuta, anauliza hii taa ya nini. Bincy alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, ili isipenye ukuta. Aliangalia mpaka mwisho, machozi yanamtiririka, na ukuta ule ule ulikuwa umemtenga na mama wa mtu aliyekuwa akimwangalia.

Video ilipokwisha, zile tik tik zilikuwa zimekoma. Jalada la diski lilikuwa limetoweka. Alilitafuta, hakulipata. Sasa Litty alikuwa ananing'inia kwenye waya mmoja tu uliochomekwa ukutani.

Alimpigia mumewe. "Saji, ukirudi ninunulie flashi. Fanya haraka."

"Flashi? Si ipo ya Ammachi?"

"Nunua nyingine."

"Bincy. Bado mko vilevile?"

"Nunua, nimesema!"

"Haya, haya. Nikishusha mzigo tu nakuja. Lakini wewe na mama mtakuja kuniua kwa aibu, naapa."

Mara ya kwanza alikosa flashi kwa sababu alitaniwa. Mara hii ya pili hakuna aliyemtania. Ni yeye mwenyewe tu.

Na mwezi ule mnaujua. Asubuhi jua, mchana joto la kutoa jasho hadi kwenye kope, na alasiri mawingu yanapanda kutoka nyuma ya vilima bila kuuliza mtu. Upepo ulipogeuka, Bincy alisikia Ammachi akikimbilia nazi zake uani, naye akatoka kumsaidia kuzikusanya, wote wawili kimya, kila mmoja na kapu lake. Radi ya kwanza ikanguruma mbali.

Hapo Bincy akakumbuka swichi kuu. Hakuna nyumba hapa kwetu isiyofanya hivyo: radi ikianza, waya zinachomolewa na swichi kuu inashushwa. Lakini Ammachi alizidi wote. Radi iliwahi kuiunguza televisheni yake ya kwanza, na mwaka huohuo ikamuua jirani yetu Kuriako aliyekuwa ameshika pasi. Tangu hapo radi ikinguruma hata ng'ambo ya kilima, mkono wake huwa umeshafika kwenye swichi pale barazani.

Neno moja lilitosha. Angemgeukia tu.

"Paka," Bincy alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia, "mwambie anayehusika leo asizime umeme. Kompyuta inafanya kazi."

Ammachi aliweka kapu chini. "Paka, mwambie nyumba hii niliijenga na marehemu mume wangu, na radi haijui nani ana kazi na nani hana. Watu wanataka kuangalia mambo yao ya kompyuta mpaka waungue?"

"Paka, mwambie kuna sababu!"

"Paka, muulize ni sababu gani."

Jumapili, Bincy alijiambia. Aje aone Jumapili. "Sababu ni yangu," akasema, akaingia ndani.

Alikaa mbele ya mashine kama anayemlinda mgonjwa. Aliushika waya kwa mkono mmoja pale ulipoingia ukutani, kwa sababu tundu lilikuwa limelegea na alihofu usije ukachomoka. Dirisha likawa jeusi. Mvua ikaanza kuyapiga mabati ya banda la mpira. Kukamulika, akahesabu kimoyomoyo, kukanguruma. Saji, fanya haraka. Kukamulika tena, na safari hii hakukuwa na muda wa kuhesabu. Nyumba nzima ilitikisika, vyombo vikalia jikoni.

Kupitia mlango alimsikia Ammachi akipiga yowe. Akasikia kandambili zikikimbilia barazani. Na hapo, baada ya majuma yote yale, Bincy alimwita kwa jina lake.

"Ammachi! Usizime! Ammachi, Litty yumo—"

Swichi ilishuka. Taa zikazimika, feni ikapunguza mwendo juu ya kichwa chake, na skrini ikawa nyeusi kabisa.

Ammachi aliingia mbio, amelowa, pumzi zinamtoka. "Uachie huo waya!" alipiga kelele, akamvuta Bincy kwa mabega. "Mwanangu, umepona? Nimekuona dirishani umeushika kwa mkono! Unataka kufa kama Kuriako? Unataka nikuzike na wewe?"

Bincy alikuwa akiibonyeza ile kompyuta, akiibonyeza, akiibonyeza.

Saji alifika mvua ilipopungua, flashi mpya mkononi, bado imo kwenye karatasi yake. Waliwasha umeme. Kijiti kikaamka upya, kisafi, kama mgeni ambaye hajawahi kufika. Uso wa kompyuta ulikuwa mtupu. Diski haikuonekana, wala haikulia tena. Ambika alikuja, akajaribu njia zake zote. Jumatatu Saji aliipeleka mjini Kochi kwa mafundi wanaofufua diski, wakamrudishia wakisema uso wake umechubuka wote, hakuna cha kufufua.

Lakini yaliyonifanya niisimulie habari hii yalisemwa jioni ileile, Ammachi na Bincy wakiwa wamekaa kitandani na ile mashine katikati yao. Bincy alikuwa ameshamweleza yote, bila paka.

"Basi ni mimi niliyemzima," Ammachi alisema.

"Hapana, Ammachi. Hukujua. Mimi ndiye sikukwambia."

"Flashi ilikuwa pale nyuma yangu."

"Ilikuwa pale."

Ammachi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Bincy hakuwahi kuisikia kwake, "Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anacheka. Wewe unaimba, yeye anacheka, kisha akakuegemea hapa." Bincy alimgusa bega. "Mwishoni akasema, huyu ndiye mama yangu, msiniibie."

Ammachi alilishika bega lake pale alipoguswa.

"Ulimwona mara ngapi?"

"Mara moja tu, Ammachi. Nakuapia."

"Na mimi wakati huo nilikuwa wapi?"

Bincy aliangalia ukuta. "Sebuleni."

"Sebuleni," Ammachi alirudia. "Nimekaa tu, sina kazi. Ungeniita, mwanangu. Hata kwa kunitukana ungeniita. Wewe umemwona mara moja. Mimi hata hiyo moja sikuipata."

FUNZO

Jirani zangu, mfumo ule wa bure hauna kosa. Ni chombo kizuri, na ulifanya kila ulichoahidi: uliamsha mashine iliyokufa, ukamtoa Litty kwenye diski iliyokuwa inakata roho. Anayeujaribu bila kuusakinisha na ajue tu kwamba hapo ni mgeni. Alichokipata akihifadhi mahali pa kudumu, palepale, kabla ya kufurahi na kabla ya kuangalia.

Lakini kilichoipoteza video ile ni kununiana. Tunaona kununa ni jambo dogo kwa kuwa hakuna aliyepigwa wala aliyetukanwa. Tazameni lilivyofanya kazi yake: mmoja alimficha mwenziwe kitu alichokuwa anamtafutia, na mwenziwe akakiharibu kwa mkono wake akijaribu kumwokoa. Wote wawili walikuwa wanapendana. Mapenzi yasiyosemwa hayakuwasaidia chochote.

Siku hizi Ammachi na Bincy wanagombana kwa sauti. Nyumba ya tatu tunawasikia, chumvi imezidi, chumvi haikuzidi, na sisi tunamshukuru Mungu. Wewe uliyemnyamazia mtu, usingoje aanze yeye, wala usimtume mtoto, mume, au mnyama. Ukitoka hapa nenda ukamwambie mwenyewe.